Salamu za Langoni

Anayesema salamu ni maneno matupu hajawahi kunyimwa. Mnyimeni huyo, mji mzima, asubuhi na jioni, sokoni na kisimani, halafu mrudi mkamtazame. Mtamkuta ameketi mlangoni kwake anajipapasa uso, kuhakikisha pua bado ipo.

Otmari alikwisha kufika hapo na kupapita. Zamani, adhabu ilipokuwa mbichi, alikuwa akijisalimu mwenyewe. Umeamkaje, Otmari? Nimeamka salama, na wewe je? Lakini kujitekenya na kucheka mwenyewe kuna mwisho wake. Siku moja alijiuliza umeamkaje, akakuta hana jibu la kumpa huyo muulizaji, kwa sababu hakuwa na hakika ni nani aliyeamka. Tangu hapo aliacha. Akawa anaamka tu, kama mbuzi anavyoamka, bila mtu wa kumwambia kwamba kumekucha.

Mji wenyewe haukuwa na jina, au ulikuwa nalo likafutika pamoja na rangi ya kibao. Watu waliuita Mgodini, basi. Ulikaa chini ya mlima wenye makaa ya mawe tumboni. Mbele ya mlima palikuwa na lango la chuma, na mbele ya lango waliketi wanaume. Walikuwa wamegoma. Tangu lini? Hapo sasa. Ukimwuliza huyu atakwambia juzi juzi tu, kabla ya mvua hizi. Ukimwuliza yule atakwambia baba yake alifia hapo hapo langoni, naye akarithi jiwe lake la kukalia. Na wote wawili wanasema kweli. Siku ya kazi ina king'ora cha kuanza na king'ora cha kumaliza. Siku ya mgomo haina mlango. Unajikuta umo ndani yake, jana imekaa kulia kwako na kesho kushoto, zimefanana kama mapacha, na mama yao mwenyewe akiitwa azitofautishe atakuomba umpe muda.

Na Kampuni? Kampuni ilikwisha kuondoka. Ilifungasha kimya kimya, ikang'oa mitambo, ikang'oa hata masinki ya vyooni, ikaacha lango. Kila mtu mjini alilijua jambo hilo na hakuna aliyelitamka, maana kugoma ni kuvutana kamba: mwenzako akiachia upande wake, unayeanguka ni wewe. Kwa hiyo waliendelea kuishika kamba kana kwamba upande wa pili bado kuna mtu. Wake zao walilima mihogo na maharage huko bondeni, wakawaletea uji, nao waliunywa huku wamelikodolea macho lango, tayari kwa majadiliano. Madai yao yalikuwa yaleyale: hewa ya kupumulia kule chini, nguzo za kuzuia udongo, na mtu akifukiwa atafutwe mpaka apatikane. Dai hili la tatu lilikuwa la Galusi, kiongozi wa mgomo. Mdogo wake Alkuini alifukiwa na udongo ndani ya mlima, na Kampuni ikajenga ukuta wa matofali hapo, kazi ikaendelea kwenye njia nyingine.

Sasa kosa la Otmari. Kosa la Otmari lilikuwa kuitikia salamu.

Usicheke. Mgomo ulipoanza, Galusi aliweka sheria. Mtu wa Kampuni akikuita, usigeuke. Akikuuliza, usijibu. Akikusalimu, nyamaza. Zile mbili za mwanzo zilikuwa nyepesi. Hii ya tatu ndiyo iliyowatoa jasho wote waliolelewa wakaleleka. Mama yake Otmari alikuwa amemfundisha, tena kwa kumfinya sikio, kwamba salamu hainyimwi hata mchawi. Mwitikie kwanza, alisema, kumwogopa utamwogopa baadaye. Na neno la mama, ukishalimeza na maziwa, hutalitapika kwa sababu ya mkutano mmoja wa hadhara.

Asubuhi ile Otmari alichelewa kufika langoni. Mtoto wake Skola alikuwa na kikohozi usiku kucha. Alipofika, wenzake walimsalimu, akawasalimu. Lango lilikuwa limefunguliwa kidogo, na hapo kwenye upenyo alisimama Meneja mwenye kofia pana, mtu aliyejifunza lugha yao vizuri, vizuri mno. "Habari za asubuhi, Otmari?" akasema, akanyoosha mkono. Ulimi wa Otmari ulijibu kabla kichwa hakijasikia. "Njema, mzee." Mkono nao ukafuata ulimi. Na huku kwetu mkono wa salamu haukatwi katikati kama muwa. Unashikana na mtu mpaka habari ziishe. "Za nyumbani?" Njema. Meneja akarudi nyuma hatua. "Mama Skola hajambo?" Hajambo. Hatua. "Na mtoto? Nimesikia anakohoa." Ana nafuu, tunamshukuru Mungu. Hatua, hatua. "Na shamba, na mvua, na wale mbuzi wako?" Habari zilipokwisha, Otmari aliinua kichwa akaliona lango liko nyuma yake. King'ora kililia. Kililia kwa bonde zima kwamba mtu ameingia kazini, mgomo umevunjika. Otmari akageuka kuwatazama wenzake, akakuta migongo mitupu. Mmoja wa migongo hiyo, uliofungwa kanga, ulikuwa wa mkewe.

Angeweza kutoka. Hili tuliseme wazi, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kulikana. Lango halikuwa limefungwa. Lakini kutoka kulimaanisha kuikabili ile migongo, na aibu ina miguu yake. Humpeleka mtu pasipo na macho, na pasipo na macho pa karibu palikuwa shimoni. Akachukua taa. Akashuka. Akakaa humo siku nzima peke yake ndani ya mlima.

"Kuingia aliingia kwa salamu," Galusi aliuambia mkutano jioni ile. "Sawa. Hata mimi ningeponzwa. Lakini shimoni alishuka kwa miguu yake." Kisha akatoa hukumu, na hakuna aliyeipinga kwa kuwa ilikuwa na utamu wa kitu kilichopimwa na mwenye macho. Umeponzwa na salamu, utaadhibiwa kwa salamu. Hakuna atakayekusalimu, mkubwa wala mdogo, mpaka mgomo uishe.

Mpaka mgomo uishe. Ndugu yangu, hebu ifikirie adhabu hiyo, kisha likumbuke lile lango na ile Kampuni iliyokwenda zake.

Mama Skola hakumwacha mumewe. Alimpikia, alimfulia, alilala naye chumba kimoja. Ila maneno alimpa chungu. "Wewe chungu," angesema jikoni, "chumvi imekwisha, sijui wenye miguu wanangoja nini." Otmari angeinuka, angekwenda. Alipofariki mama huyo watu walijaa uani wakapeana pole kwa mikono. Mkono wa pole ulitoka kwa shangazi, ukaja kwa Skola, ukaruka pale aliposimama Otmari kama mtu arukavyo dimbwi, ukaendelea kwa jirani. Alimzika mkewe bila kuambiwa pole na mtu hata mmoja. Na Skola, ambaye sasa alikuwa mwanamke mwenye mume na nyumba yake ng'ambo ya njia, alirithi desturi ya mama, isipokuwa yeye alitumia kuku. Alivuka kila mchana na sahani iliyofunikwa. "Nyie kuku," alisema, "ugali uko mezani, asije mtu akasema hakuambiwa." Kisha alivuka kurudi. Otmari alikula. Ugali ulikuwa mzuri, mboga zilikuwa na chumvi ya kutosha, na kila tonge lilimkumbusha kwamba mwanawe wa kumzaa aliyajua majina ya kuku wote na hakulijua la kumwita yeye.

Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa. Hakutaka kusamehewa, msamaha ni kazi ndefu, una wazee na vikao. Alitaka Skola amtazame usoni amwambie shikamoo baba.

Ndipo filamu ikaja.

Ilikuja na gari lililotapakaa vumbi na mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, jina lake Zamaradi, na msaidizi wake Kibwana aliyebeba kinasa sauti kilichovishwa manyoya. Zamaradi alikwenda moja kwa moja langoni, akawaambia wagomaji kwamba anatengeneza filamu ya hali halisi juu ya mgomo wao.

"Hali halisi ndiyo nini?" Galusi akauliza.

"Mambo yaliyotokea kweli, mzee."

"Yaliyotokea, au yanayotokea?"

Zamaradi akacheka, akidhani ametaniwa. Hakuna mwingine aliyecheka, naye akaacha.

Alikutana na Otmari kisimani. "Shikamoo, mzee," akasema, akiinama kuteka maji. Otmari akageuka kutazama nyuma yake aone ni nani anayeamkiwa. Palikuwa na jiwe na kichaka. "Ni wewe, mzee wangu," Zamaradi akasema. "Mimi?" "Kwani kuna mwingine?" Otmari akashika ukingo wa kisima. Furaha ilimpanda, na pamoja nayo woga, kwa sababu mtu akikaa sana gizani hata mshumaa humchoma macho. Ndoo ilijaa, Zamaradi akajitwika, akaenda zake, na ndipo Otmari alipopata sauti akaliambia jiwe na kichaka, "Marahaba, mwanangu."

Siku zilizofuata alilifuata lile jicho la filamu kama kuku afuataye mchele. Alisimama mbali wakati wagomaji wakihojiwa mmoja mmoja, kila mmoja juu ya jiwe lake, kila mmoja akiusimulia mgomo kana kwamba umeanza asubuhi hiyo. Mchana Zamaradi na Kibwana walipokwenda kula waliiacha kamera juu ya miguu yake mitatu, na Otmari alisogea akasimama mbele yake. Ilikuwa imezimwa. Hakujua, na angejua asingejali. Jicho lile halikuwa na kope, halikuwa na upande, halikuwa limehudhuria mkutano wa hadhara. Halikuwa limeambiwa. Nione, aliliambia kimoyomoyo. Sikuombi unipende. Niandike tu kwamba nilikuwepo, kwamba nilisimama hapa na kivuli changu kilianguka upande huu. Hivi mtu ni nini? Ni nyama na mifupa? Mbona mbuzi naye anavyo? Ni jina? Jina langu lipo, lakini jina lisiloitwa si sawa na kisima kilichofukiwa? Nilikuwa mtu nilipoitikia, nikaacha kuwa mtu kwa sababu niliitikia. Basi utu wangu ulikuwa katika mkono wa nani? Wa aliyenisalimu au wa waliokuwa wakinitazama? Na kama ulikuwa mikononi mwa watu, mimi mwenyewe niliwahi kuwa na kipande chake? Kibwana alirudi akipiga mluzi, Otmari akasogea.

Kulikuwa na tatizo. Siku ile ya lango, siku ambayo mgomo ulivunjwa kwa mkono wa salamu, hakuna aliyeipiga picha. Filamu nzima ilikuwa inazunguka shimo. "Tutaigiza," Zamaradi aliamua. "Mtakaa mlivyokaa, mtasema mlivyosema. Kibwana atavaa kofia awe Meneja. Nani atakuwa Otmari?"

Wanaume walitazama chini. Hakuna aliyekubali, hata kwa mzaha. Jina lile lilikuwa na upele. Zamaradi akashusha pumzi akasema, "Basi Otmari awe Otmari."

"Haiwezekani," Galusi akasema. "Asubuhi ile, kabla hajaingia, tulimsalimu. Akiwa yeye itabidi tumsalimu."

"Ni filamu, mzee."

Jambo likajadiliwa. Lilijadiliwa kwa uzito wote wa watu wasio na jambo jingine la kujadili. Mmoja alisema salamu ni salamu, hata ikisemwa na kasuku. Mwingine akauliza, je, mtu akiigiza amekufa, huzikwa? Mwishowe Galusi alikata shauri: salamu ya filamu haihesabiki. Kamera ikiwaka, watamsalimu. Ikizimwa, adhabu ipo palepale. Na kwa kuwa Mama Skola alikuwa langoni siku ile na sasa ni marehemu, nafasi yake itachukuliwa na bintiye.

Usiku huo Otmari hakulala, nami simlaumu.

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye nyasi. Alitembea kuelekea langoni, na njiani alitazama mikono yake akaiona haina makunyanzi. Lango halikuwa na kutu. Huenda ni ukungu. Wanaume waliokuwa juu ya mawe walikuwa vijana, au ni baba zao, au ni wanao, nyuso ziliingiliana. Mbele yao, akiwa na sufuria la uji, alisimama mwanamke aliyefunga kanga ile ile, na Otmari hakujua tena ni mwaka gani unamwendea.

"Otmari! Umeamkaje?" sauti moja ikasema.

"Habari za kwako, ndugu?"

"Mtoto anaendeleaje?"

Salamu zilimwagika kutoka kila jiwe. Zilikuwa za kuigiza, alijua, lakini masikio hayajui kuigiza. Yalikunywa. Kisha yule mwanamke akasogea, akamtazama usoni, akasema maneno ya mama yake kama alivyofundishwa. "Umechelewa, Baba Skola. Njoo unywe uji, unapoa."

Baba Skola. Skola mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Otmari alifungua mdomo na kilichotoka kilikuwa kikohozi kirefu kisicho na mwisho.

"Kata!" Zamaradi akasema. "Pole, mzee. Tunarudia."

Otmari akarudi alikotoka. Wakarudia. Umeamkaje, habari za kwako, mtoto anaendeleaje, umechelewa Baba Skola. Safari hii alijikwaa kwenye jiwe ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Kata. Wakarudia. Akasahau kuitikia. Wakarudia. Akaitikia mara mbili. Wakarudia. Kandambili ikakatika. Ukungu ukaondoka, jua likapanda, na mzee yule aliyekuwa anatembea kama mgonjwa alianza kurudi mahali pake pa kuanzia akikaribia kukimbia, kama mtoto aliyepewa bembea na hataki kumpisha mwenzake. Kila alipowafikia alisalimiwa upya, na kila aliposalimiwa uso wake ulipata rangi. Wagomaji walichoka, sauti zao zikalegea, na ajabu ni kwamba zilivyolegea ndivyo zilivyofanana zaidi na salamu za kweli, zile ambazo mtu huzitoa bila kufikiri.

Skola aligundua mapema. Mtoto wa mtu humjua mtu wake, hata akiwa hasemi naye. Anaharibu makusudi, alijiambia. Hakumwambia Zamaradi. Alikoroga uji ambao ulikwisha kuganda, akangoja zamu yake, na kila mara alisema, "Umechelewa, Baba Skola," taratibu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Lakini Zamaradi naye hakuwa mjinga. Alimsogelea Otmari, akamwambia kwa upole, "Baba yangu, jua linatuacha. Hii iwe ya mwisho. Tafadhali."

Ya mwisho. Otmari aliitika kwa kichwa. Alitembea, akasalimiwa, akapokea kila salamu kwa mikono miwili kama mgeni anayeaga. Hakukohoa, hakujikwaa. Akampita Skola. Akafika kwenye upenyo wa lango, na pale alisimama Kibwana chini ya kofia pana, na chini ya kofia hiyo uso wa Kibwana haukuonekana.

"Habari za asubuhi, Otmari?" kofia ikasema, na mkono ukanyooshwa.

Otmari aliutazama ule mkono. Nyuma yake lango zima la watu lilikuwa limeshika pumzi, likingoja aitikie, lipate kumgeuzia mgongo. Alimsikia mama yake akimfinya sikio. Alisikia ulimi wake ukijipanga kusema njema. Akauma meno.

"Habari za asubuhi, Otmari?" Kibwana akarudia.



"Mzee," Zamaradi akasema nyuma ya kamera, "haikuwa hivyo. Uliitikia."

"Najua."

"Basi itikia, tumalize."

Otmari akauficha mkono wake nyuma ya mgongo, akageuka, akaketi chini kwenye vumbi, kwa kuwa hakuwa na jiwe. "Siingii," akasema. "Nimegoma."

Loh! Neno lile lilipita juu ya mawe kama upepo juu ya mahindi. Mmoja akaguna, mwingine akataka kucheka akashindwa. Maana sheria yao waliijua, ndiyo waliyoiishi: mtu akigoma hasukumwi, habebwi, hatukanwi. Huulizwa. Macho yote yakamgeukia Galusi, na Galusi, ambaye alikuwa amengoja umri wake wote kuulizwa swali hilo na mtu wa Kampuni, alijikuta analiuliza yeye.

"Unadai nini?"

"Nisalimiwe," Otmari akasema. "Mashine ikiwa imezimwa."

Zamaradi akaizima bila kuambiwa. Ile taa ndogo nyekundu ikafa.

"Unajua unachodai?" Galusi akasema. "Adhabu yako ni mpaka mgomo uishe. Ukisalimiwa, mgomo umekwisha. Na ukiisha, tulikaa hapa kwa ajili ya nini? Alkuini yumo humo ndani. Hajatolewa. Nitamwambia nini mdogo wangu?"

"Nilimbishia hodi," Otmari akasema.

"Nini?"

"Siku ile niliposhuka. Nilikwenda mpaka kwenye ule ukuta. Nilibisha hodi, nikamwita kwa jina, nikatega sikio. Nilikaa naye siku nzima, Galusi. Sikutaka awe peke yake. Hakuitikia. Palikuwa kimya, na matofali yalikuwa baridi. Hakuteseka muda mrefu, ndivyo nilivyoona. Mahali pale pote palikuwa pametulia."

Galusi alisimama. "Na hukuniambia! Miaka yote hii unapita mbele yangu na hukuniambia!"

"Ungeniuliza ningekwambia. Lakini ungeniulizaje kabla ya kunisalimu?"

Huku kwetu hata anayekimbia nyumba ikiungua husema habari zenu kabla ya kusema moto. Galusi alijua, wote walijua. Aliketi tena juu ya jiwe lake, polepole, akishika magoti, akalikazia macho lango. Alifungua mdomo. Aliufunga. Neno lilikuwa pale, lilionekana likipanda kooni, na mara tatu alilimeza.

Skola ndiye aliyetua sufuria. Alitembea mbele ya wanaume wote, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule mzee, akamtazama, na sauti ilipotoka haikuwa ya mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Otmari akasema. "Marahaba. Umeamkaje?"

Akashindwa kuendelea. Alilia waziwazi, makamasi yakimtoka, na Skola alimfuta kwa upindo wa kanga, naye analia. Nyuma yao mtu mmoja akainuka kwenye jiwe akajipangusa suruali. Kisha mwingine. Hakuna aliyetangaza kwamba mgomo umekwisha. Uliisha kama mvua inavyoisha, unashtukia tu kwamba unasikia mambo mengine. Walisimama wakitazamana, watu wazima wasiojua waipeleke wapi mikono yao, na kwa kukosa la kufanya walianza kusalimiana. Walimsalimu Otmari mmoja baada ya mwingine, wengine kwa aibu, wengine kwa kumkumbatia, mpaka mkono ukamwuma. Kisha waliteremka kwenda makwao, kuwaona wake zao mchana kweupe.

Zamaradi aliondoka na filamu isiyo na mwisho. Inasemekana imeonyeshwa mahali fulani, na kwamba inakatika pale mzee mmoja anapoutazama mkono na kukataa kuupokea, na watazamaji huinuka vitini wakiulizana kilichofuata.

Galusi hakuteremka. Alibaki juu ya jiwe lake mbele ya lango. Skola alimpelekea uji, akauacha hapo. Watu walimbembeleza, kisha wakachoka. Kila mmoja alikuwa na paa la kuziba na shamba la kupalilia, na upesi njia ya langoni ikaota nyasi. Ukimwita hakugeuka. Ukimwuliza hakujibu. Hakuna aliyemhukumu, alijihukumu mwenyewe, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe.

Otmari ndiye aliyekuwa akipanda huko kila asubuhi, kabla hajanywa chai, magoti yakimlia. Angesimama upande ambao Galusi angeweza kumwona.

"Umeamkaje, Galusi?" angesema.

Na angengoja pale, kofia mkononi, kwa muda ule ule ambao mtu hungoja kuitikiwa.